Maziwa ya Kopo Yaliyomsubiri Mgeni Rasmi

Mimi sina tabia ya kusema nusu nikameza nusu. Pale sokoni Babati watu wananiita Mwanne Pilipili, wenye adabu wananiita Mama Hamdani, na wote nawaitikia kwa sababu mteja ni mteja. Nauza ndoo, mabeseni, sufuria na vikombe vya plastiki. Baba yangu alikuwa Mrangi wa Kondoa, alikuja hapa kuuza chumvi, akaoa hapa na kaburi lake liko hapa. Kwa hiyo habari za mji huu mimi sisimuliwi, nasimulia. Na leo nataka kusimulia habari ya mtoto Joyness na katoni moja ya maziwa ya kopo, maana watu wameigeuza mno, na kila anayeigeuza anajifanya alikuwa upande wa mtoto.

Wakati huo mkoa wetu ulikuwa mchanga. Tulikuwa tumemegwa kutoka Arusha miaka michache tu nyuma, ofisi zinafunguliwa, wageni wanamiminika, chumba cha kupanga unakitafuta kwa tochi. Na kila kitu kikawa kinazinduliwa. Kikichimbwa kisima, mgeni rasmi. Darasa likiezekwa, mgeni rasmi. Watu wakazoea kwamba jambo lisilokuwa na turubai, viti vya plastiki na mtu mkubwa wa kukata utepe, hilo bado halijafanyika. Mazoea hayo yakatuingia na sisi wa Tushikane.

Tushikane kilikuwa kikundi chetu cha kujitolea. Wakristo walikuwemo, Waislamu tulikuwemo, wengi wanawake wa sokoni, na hakuna aliyelipwa hata nauli. Tulikuwa tunawatembelea wagonjwa majumbani mwao, tunawafulia, tunawapikia uji, tunawasindikiza hospitali. Miaka ile ugonjwa ule ulikuwa unachukua watu kweli kweli, na ndugu wengine walikuwa wanaogopa hata kushika kikombe cha mgonjwa. Basi sisi tulishika. Na kila mwaka, baada ya mavuno, tulikuwa na Siku ya Tushikane. Ndoo inapitishwa sokoni na madukani, watu wanatoa walichonacho, unga, maharage, sabuni, mablanketi, vinawekwa stoo, halafu siku ikifika vinagawiwa.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Rogath, mstaafu, mrefu, shati limenyooshwa hata siku ya kwenda kumwagilia mchicha. Nitasema ukweli ingawa bado nina hasira naye. Mwalimu hakuwa mwizi. Ungeweza kumwachia chumba kizima cha sukari ukarudi mwakani ukakuta imeliwa na sisimizi tu. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwaka uliotangulia tuligawa vitu kimya kimya, nyumba kwa nyumba, ili mgonjwa asiaibike. Maneno yakaanza. Tushikane wanakula, Tushikane wamejenga kwa unga wa yatima. Mtu mmoja akamfuata Mwalimu pale stendi, mbele ya watu aliowafundisha kusoma, akamwambia amemwona mke wake amejifunika blanketi la msaada. Blanketi lile Mwalimu alikuwa amelinunua Arusha kwa pensheni yake. Aliondoka tu, lakini kuanzia siku hiyo akawa mwingine. Akatuita, akasema: "Kuanzia sasa hakuna kitu kitakachotoka stoo mpaka kikabidhiwe hadharani na mgeni rasmi. Watu lazima waone." Akanunua kufuli kubwa, na ufunguo akawa anautundika shingoni, chini ya shati.

Tulikubali wote. Na mimi nilikubali, sikuona ubaya wake.

Sasa Devotha. Devotha alikuwa mmoja wa wagonjwa wetu, binti wa kijiji cha Bonga aliyekuwa anauza nguo za mitumba karibu na duka langu. Alijifungua mtoto wa kike akampa jina Joyness, na baada ya hapo hakuinuka tena. Mama yake, Bernadina, akaja kutoka Bonga kumuuguza, na mazishi yalipokwisha akabaki mjini kwenye kile chumba cha Devotha nyuma ya soko, ili awe karibu na kliniki ya mtoto. Mimi namwita Mama Devotha. Ni Mwiraqw mtu mzima, mwembamba, maneno yake machache, Kiswahili chake cha taratibu cha mtu aliyejifunza ukubwani. Alikuwa amezaa tisa na kulea wote, lakini matiti ya bibi hayana maziwa, na mtoto alikuwa na wiki chache tu.

Nesi wa kliniki alimpima Joyness akasema mtoto ni mzima, hana ugonjwa, shida ni chakula. Atafutiwe maziwa ya kopo, yale ya watoto wachanga. Kwa Bernadina ilikuwa sawa na kuambiwa atafute gari. Mwalimu Rogath aliposikia hakungoja kuombwa. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa kisasa anayemlisha nyumbani, na kila asubuhi akawa anapita dukani kwangu na baiskeli, ananipa chupa ya maziwa, nami nampelekea Bernadina. Hakukosa hata siku moja, mvua au vumbi. Bernadina alikuwa akiyachemsha, anayaongezea maji kidogo, anamnywesha mtoto kwa kijiko.

Maziwa ya ng'ombe yakamkataa mtoto. Akinywa anatapika, asipotapika anaharisha. Shingo ikawa nyembamba, macho makubwa.

Tukapitisha ndoo. Na hapa nataka watu waelewe. Fedha ya maziwa yale haikutoka kwa tajiri wala mzungu. Ilitoka kwa wauza nyanya, wauza dagaa, mafundi baiskeli. Mwanamke anayeuza ndizi chini, juu ya gunia, alitoa buku nzima, shilingi elfu, na mimi nilijua siku hiyo alikuwa hajauza kitu. Tukampa kondakta wa basi la Arusha, akatuletea katoni imejaa makopo, ina picha ya mtoto mnene anacheka. Tuliipokea stendi kwa vigelegele. Nikaibeba kichwani mwenyewe mpaka stoo, nikijua tutaandika tu kwamba imefika, halafu niendelee nayo moja kwa moja mpaka kwa Bernadina.

Mwalimu akaipokea, akaiweka juu ya magunia, akafunga mlango.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo ni ya mtoto."

"Ni ya mtoto, ndiyo," akasema. "Atakabidhiwa Siku ya Tushikane. Mgeni rasmi amekubali, bado siku chache tu."

Mgeni rasmi mwenyewe alikuwa Bwana Egidius, mnunuzi wa mawe ya vito kule Mererani, mzaliwa wa hapa aliyebahatika. Alikuwa ameahidi mablanketi mengi, na Mwalimu alikuwa anamsubiri kwa hamu kubwa. Siku chache, nikasema moyoni, haya. Nikaenda duka la dawa, nikachukua kopo moja kwa fedha yangu, la mwisho lililokuwa rafuni. Nilimpelekea Bernadina, na wallahi mtoto yule alibadilika. Kuhara kukakoma. Siku moja nikamkuta ananyonya kidole na kuniangalia vizuri, kama anauliza wewe nani. Bernadina alicheka, na tangu Devotha afe sikuwa nimemwona akicheka.

Kisha Bwana Egidius akatuma ujumbe kwamba amepata wageni wa biashara, tarehe isogezwe. Ikasogezwa. Kopo langu likaisha. Nikarudi duka la dawa, nikaambiwa makopo hayapo mpaka mzigo uje kutoka Arusha, na mzigo haujulikani utakuja lini. Mtoto akarudi kwenye maziwa ya ng'ombe na tumbo likarudi kuharisha. Mjini Babati pote makopo yalikuwa sehemu moja tu, ndani ya stoo yetu, chini ya kufuli la Mwalimu Rogath.

Nikasimama kwenye mkutano. Nilijitahidi kuongea kwa adabu, ingawa adabu kwangu ni kazi. Nikasema: "Jamani, sisi Waislamu tuna fitri, chakula cha kutolewa mwisho wa Ramadhani. Chakula kile lazima kimfikie maskini kabla ya swala ya Idi. Ukikitoa baada ya swala, si fitri tena, ni sadaka kama sadaka nyingine, na ile uliyotakiwa kutoa imeshakupita. Kutoa kuna wakati wake. Tumpe mtoto makopo leo, hiyo siku ya mgeni tutoe mengine."

Watu wakatikisa vichwa, wengine wakaangalia viatu vyao. Mwalimu akajibu polepole, kwa ile sauti yake ya darasani. "Mama Hamdani, nakuelewa. Lakini mtoto hana njaa. Maziwa anayo, ya ng'ombe wangu, kila siku asubuhi. Makopo ni nyongeza. Tukifungua stoo kwa mmoja, kesho tutafungua kwa wa pili, na keshokutwa mgeni rasmi atakuja kukabidhi meza tupu. Halafu watasema nini? Si mlikuwepo mwaka jana?"

"Maziwa ya ng'ombe yanamkataa, Mwalimu."

"Watoto wangu wote sita wamekulia maziwa ya ng'ombe."

Unamwambiaje mtu kwamba wema wake ndio unaomharisha mtoto? Na wanawake wenzangu, wale wale waliopiga vigelegele stendi, hakuna aliyenyanyua mdomo. Mmoja akaninong'oneza kwamba waliotoa fedha wanataka kuona yakikabidhiwa, wasije wakasema tena. Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema. Nikamwambia mwenyeji mwenyewe anakwisha huku mnamngoja mgeni, lakini nilisema peke yangu.

Baada ya mkutano nikamchukua Bernadina, nikampeleka nyumbani kwa Mwalimu na mtoto mgongoni, nikifikiri akimwona kwa macho yake mambo yatakwisha. Joyness alikuwa amelala. Mtoto aliyelala anaonekana mzima, hasa akifungwa mgongoni kwa kanga mpaka kichwani. Mke wa Mwalimu akatuletea chai. Mwalimu akamwuliza Bernadina, "Mama, mnaweza kusubiri kidogo? Mgeni anakuja Jumamosi ijayo, safari hii ni hakika."

Nami nikamkonyeza Bernadina aseme hapana. Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Tutasubiri, Mwalimu. Umetusaidia sana."

Tukiwa njiani nikamgeukia kwa hasira. "Mama Devotha, kwa nini umesema vile?"

"Ningesemaje?" akasema. "Kila siku nakula maziwa yake. Nimwambie ni mabaya?"

Nikamwambia basi nitatafuta fundi, tuvunje kufuli, tuchukue makopo mawili tu. Akasimama pale pale barabarani. "Usivunje," akasema. "Watasema mama wa Devotha ni mwizi. Devotha alishasemwa vya kutosha." Nikaacha. Nilikuwa na hasira naye, na Mwalimu, na yule tajiri wa mawe ambaye sikuwa hata nimemwona sura.

Jumatano ya wiki ile ile ya sherehe, asubuhi, nilipeleka maziwa nikamkuta Joyness haamki vizuri. Utosi umebonyea, midomo mikavu, akilia sauti haitoki. Sikungoja. Bernadina akamfunga mgongoni, nikasimamisha teksi pale barabara kuu itupeleke hospitali, tukakaa nyuma. Tukiwa bado njiani Bernadina akaniambia, "Mama Hamdani, mtoto amekuwa mzito." Nikajua. Nilimshika mtoto kwa nyuma nikaendelea kumshika hivyo hivyo mpaka gari likasimama, na dereva alipoona nyuso zetu hakuomba nauli.

Kwetu huku mtoto mchanga hapigiwi turubai. Hakuna matanga, hakuna kutangaza, wanazika wa nyumbani mambo yanaisha. Mchana huo huo tulikodi pikapu tukaenda naye Bonga, akazikwa pembeni mwa mama yake, wanaukoo wachache na mimi peke yangu kutoka sokoni. Kaburi lilikuwa dogo, jembe halikuchoka. Nililia sana siku hiyo. Bernadina hakulia. Alikuwa anaikunja ile kanga ya mbeleko, anaikunjua, anaikunja.

Jioni tukarudi mjini. Nikasema, "Sasa nakwenda kwa Mwalimu. Nitamwambia mbele ya mke wake."

"Usimwambie," Bernadina akasema.

"Kwa nini nisimwambie?"

"Amesema watu lazima waone." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayekumbusha bei. "Jumamosi nitakwenda. Wataona."

Sikumjua tena mwanamke yule, na pia nilimwelewa kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye.

Alhamisi asubuhi Mwalimu akapita dukani na baiskeli yake. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Mama Hamdani. Mtoto anaendeleaje?" Nikaipokea chupa, ya moto moto bado. Nikamwambia, "Bibi yake atakuja Jumamosi." Akafurahi, akasema vizuri sana, wakae viti vya mbele. Maziwa nikampa yule muuza ndizi, maana ana watoto. Ijumaa ikawa hivyo hivyo. Kila alipoondoka nilikuwa nabaki na hasira, na nilipoona ile suruali yake aliyoibana kwa kibanio ili isinaswe na mnyororo wa baiskeli nilikuwa namwonea huruma, halafu nakasirika zaidi kwa kumwonea huruma.

Jumamosi ikafika. Turubai uwanjani, viti, muziki, na juu ya jukwaa kitambaa kimeandikwa KUTOA NI MOYO. Vitu vyote vimepangwa mezani vizuri, magunia chini, mablanketi juu, na katikati ile katoni, imefungwa utepe mwekundu. Watu walijaa. Bwana Egidius akaja na gari lake, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, akasalimia watu vizuri tu bila makuu. Kijana Nickson, fundi redio, ndiye aliyeshika maiki kama mshereheshaji.

Mwalimu akasoma risala. Aliisoma vizuri, kila nukta mahali pake. Akaeleza ndoo ilivyopita, akashukuru sokoni, akasema mwaka huu hakuna hata punje iliyotoka stoo kabla ya leo, na yeyote mwenye shaka aje ahesabu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa karibu na Bernadina nikahisi ule mkono wake mkavu umenishika kidole, kimoja tu.

"Sasa," Nickson akasema kwenye maiki, "tunaanza na mlengwa wetu mdogo kuliko wote. Bibi Bernadina na mjukuu wake Joyness, karibuni jukwaani."

Akainuka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na mbeleko imekunjwa mkononi. Alipanda zile ngazi peke yake. Bwana Egidius akasimama, akainyanyua katoni, mpiga picha akapiga magoti. Na yule tajiri, nadhani kwa wema tu, akasema, "Subiri kwanza. Mtoto yuko wapi? Mleteni naye aonekane kwenye picha."

Nickson akampelekea Bernadina maiki mdomoni, anatabasamu. Bernadina hakuizoea maiki, aliisogelea mno, sauti ikatoka kubwa ikafika mpaka barabarani.

"Mtoto tumemzika Jumatano," akasema. "Yuko Bonga, na mama yake. Alikuwa anaharisha. Mimi nimekuja kwa sababu Mwalimu alisema lazima watu waone ninapokea. Mmeona sasa."

Bwana Egidius alikuwa bado ameshikilia katoni. Akamgeukia Mwalimu.

"Haya maziwa yalikuja lini?"

Mimi nikasimama pale nilipokuwa. "Yalikuja kabla hujasogeza tarehe ya kwanza," nikasema.

"Mlikuwa mnanisubiri mimi?" Akatuangalia wote, mmoja mmoja, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa bila kujua amekosa nini. "Mimi nilijua mmeshampa. Nilijua nakuja kupiga naye picha tu."

Bernadina akanyoosha mikono akaipokea katoni, kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama adabu inavyotaka. Kisha akaiweka chini, pembeni mwa mguu wa Mwalimu Rogath, akashuka. Watu wakampisha njia. Wale wanawake wa Tushikane walikuwa wanalia sasa, kwa sauti, na nilitamani kuwazaba vibao kila mmoja. Kwenye mkutano hakuna aliyekuwa na sauti.

Nilifikiri ningefurahi kuona uso wa Mwalimu. Ndiyo nilichokuwa nimekingojea tangu Jumatano, nisidanganye. Alikuwa amesimama na risala mkononi, na mkono mwingine umeingia chini ya shati pale palipokuwa na ufunguo. Sikufurahi hata kidogo.

Jumapili asubuhi nilikuwa chumbani kwa Bernadina namsaidia kufunga mizigo, arudi Bonga. Tukasikia baiskeli inaegeshwa ukutani. Kisha hodi, ya polepole.

"Karibu, Mwalimu," Bernadina akasema, kabla hajamwona.

Akasimama mlangoni na ile chupa ya maziwa mkononi. Hakunyoa. Shati halikunyooshwa. "Ng'ombe amekamuliwa," akasema, "nikakuta nimeshapanda baiskeli." Akaitazama chupa kama hajui imefikaje mkononi mwake. "Mama, mimi sina la kusema."

Nilikuwa nalo mimi, tena mengi, nimeyapanga tangu usiku. Bernadina akanizuia kwa macho. Akaichukua chupa, akasema asante, akawasha jiko la mkaa ambalo tulikuwa tumeshalifunga kwenye gunia. Akabandika sufuria, akayachemsha yale maziwa, akatia majani na sukari ya mwisho iliyokuwa mle ndani. Tukakaa watatu, Mwalimu kwenye kigoda, sisi kwenye mkeka, na kile kijiko kidogo cha mtoto bado kiko dirishani. Akatumiminia vikombe vitatu.

Mwalimu akashika chake kwa mikono miwili. Hakukipeleka mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Kunywa, Mwalimu," Bernadina akamwambia. "Maziwa yako ni mazuri. Ni yeye tu alikuwa hayawezi."

Akanywa. Na mimi nikanywa, maana nilikuwa ugenini, na chai ya mfiwa haikataliwi.